Kisu cha Mfukoni na Mkono wa Kulia wa Mke Wangu

Askari aliyenichukulia kisu changu bado yuko pale langoni, na mimi bado namchukia. Naanza na hilo ili usije ukadhani nimekaa kuandika haya nikiwa nimepoa. Sijapoa. Watoto wangu huniambia, "Baba, hasira zitakupandisha presha." Ziache zipandishe. Presha yenyewe ni yangu, sijaazima kwa mtu.

Kisu kilikuwa cha kukunja, cha kutia mfukoni. Nilikipata kwa baharia mmoja zamani, nilipokuwa nakwea minazi kwenye mahoteli ya Shelly Beach. Kazi yangu ilikuwa kuangua nazi kabla hazijamwangukia mgeni kichwani, maana mgeni akiangukiwa na nazi, hoteli nzima huugua. Yule baharia alikipenda kikombe nilichokuwa nimekichonga kwa kifuu, nami nikakipenda kisu chake. Tukabadilishana, tukaachana kila mmoja akimwona mwenzake mjinga.

Tangu hapo suruali zangu zote zimetoboka mfuko wa kulia. Kisu kile kimemenya machungwa, kimekata kamba za mbuzi, kimechonga miiko ya nusu ya majirani zangu hapa Likoni. Matangani wengine huvuta sigara, wengine hucheza karata. Mimi huchonga. Nikikaa mikono mitupu huanza kugombana na watu. Kimenolewa na kunolewa mpaka ubapa wake ukawa mwembamba kama dagaa, na mweusi, kwa kuwa kilikuwa chuma cha kushika kutu. Chuma kisichojua kutu hakijui na kunoleka. Hilo alinifundisha baba yangu.

Baba alikuwa mgema kule kwetu Rabai. Mgema ana kotama, lile jisu la kugemea, na kotama la baba hatukuruhusiwa hata kulivuka likiwa chini. Hakumpa mtu kisu mkononi. Akitaka ukichukue, hukiweka chini, nawe unakiokota. Alisema kisu kikitoka mkono kwenda mkono, kinapitisha ugomvi. Mimi nimesoma madarasa machache tu, nikatoka kwa kuwa mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine, lakini habari ya kisu sikuisahau. Nilikuwa nasema nini? Ee. Askari.

Askari hakungoja niweke chini. Alikinyakua.

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mke wangu kliniki, ng'ambo ya pili, anakofanyishwa mazoezi ya viungo. Mke wangu alipigwa na kiharusi. Alikuwa anachambua mchele, ungo ukamwanguka, akaniita, na jina langu likatoka limepinda. Upande wa kulia wote ukalala, mguu na mkono. Mguu ulirudi kidogo. Mkono ukakunjamana, vidole vikajifunga ngumi, ukabaki hivyo kifuani kama mtu aliyeficha kitu.

Basi pale lango la kliniki nimemshika kiunoni asianguke, na askari ananipapasa kwa kile kirungu chao kinacholia.

"Mzee, hii ni silaha."

"Silaha ya kumwua nani? Chungwa?"

"Sheria ni sheria. Utachukua ukitoka." Akakitupa kwenye beseni la plastiki, juu ya mikasi na bisibisi za watu.

Tulipotoka, askari alikuwa mwingine.

"Beseni gani, mzee?"

"La kijani. Lilikuwa hapo miguuni pako."

"Mimi nimeingia zamu sasa hivi." Akanitazama chini mpaka juu. "Na wewe mzee, na kisu, wapi na wapi? Ama ni mmoja wa wale vijana wa mapanga?"

Wakacheka, yeye na mwenzake. Hebu nikuulize wewe unayesoma. Hao vijana wa mapanga tunawajua sote, Likoni huku na Kisauni kule. Wanatoka mchana kweupe na mapanga marefu kama makasia, wanapokonya akina mama mikoba. Nani kawapapasa kwa kirungu? Mimi mwenye dagaa mfukoni ndiye niliyeinuliwa mikono juu mbele ya mke wangu. Sisemi askari aliiba. Nasema kisu kiliingia beseni na hakikutoka, na hakuna aliyeona aibu.

Ningeweza kukaa bila kisu. Watu wengi wanakaa. Lakini wakati ule kisu kilikuwa na kazi, na kazi yenyewe haikuwa ya kungoja.

Mke wangu alikuwa hali kitu.

Chakula kilikuwepo. Hamu ilikuwepo pia, nilikuwa namwona akimeza mate. Hakukubali kula, basi. Mkono wa kulia umefungwa ngumi, haushiki tonge. Mkono wa kushoto mzima, lakini wa kushoto ni wa msalani, na yeye alilelewa na mama aliyempiga wa kushoto kwa mwiko kila ulipokaribia sahani. Sote tumelelewa hivyo. Ila wengine tukizidiwa tunasahau, yeye hasahau kitu.

Kulishwa nako hataki. Mkaza mwanangu, mke wa kijana wetu, tunaishi naye nyumba moja na ana roho nzuri. Alijaribu. Akamshika kidevu, akampelekea kijiko, "Fungua mama, kidogo tu," kama mtu anayelisha kichanga. Mke wangu akafunga mdomo. Yule mtoto wa watu akalazimisha kidogo, uji ukamwagika shingoni. Mke wangu akasema, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, "Nimemlea mumeo. Usinilee."

Tukamwita mchungaji aje aseme naye. Akaja, akakaa, akamwambia Mungu ameumba mikono yote miwili na yote ni mitakatifu. Mke wangu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Basi Jumapili, pale mlangoni, wasalimie waumini kwa wa kushoto." Mchungaji akacheka, akaona hachekewi, akaomba, akaenda zake.

Alikuwa anakula akiwa peke yake, vitonge vya kuibia, akigeukia ukuta, kwa ule wa kushoto. Tukiingia anaacha. Akapungua mpaka pete ikawa inamtoka. Nilipomwona ukutani vile, mtu aliyenilisha mimi na watoto wote na wageni wasio na idadi, nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Nikasema nitamchongea kijiko. Chenye mpini wa kushikika na ile ngumi. Mkono wa kulia, ale mwenyewe, tukimwangalia. Na hapo ndipo nilipotia mkono mfukoni, nikakumbuka beseni la kijani.

Nilichukua kisu cha jikoni kwanza. Kisu cha jikoni ni kirefu, chepesi, kinapinda. Cha kuchongea ni kitu kingine. Ubapa wake uwe mfupi, usizidi kidole, ili nguvu zikae karibu na mkono. Mgongo uwe mnene, maana dole gumba ndilo linalosukuma, na linasukuma hapo mgongoni. Ncha iwe nyembamba iweze kupinda kwenye shimo. Mpini ujae kiganja, usiwe na mapambo, kila pambo ni lengelenge. Na kwa kuwa kinakaa mfukoni lazima kikunjike, na kikikunjuliwa kikae, kisirudi. Kisu kinachorudi ni nyoka. Kwa kisu cha jikoni nilichonga siku mbili nikapata kitu kama kasia la mtoto. Mke wangu alikishika, kikamponyoka. Akakitazama kilipoanguka, akasema, "Kachochee uji."

Nikaenda kutafuta kisu.

Pale karibu na kivuko kuna kijana hutandika turubai lake chini, anauza tochi, kufuli, miwani, na visu. Alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nionyeshe visu vya kukunja."

"Hiki cha Ujerumani. Hiki cha Uswisi. Hiki, mzee, cha makomando, wanaruka nacho kutoka ndegeni."

"Mimi sitoki ndegeni. Natoka Likoni. Vyote hivi ni stenlesi?"

"Stenlesi tupu! Hakishiki kutu mpaka unazikwa."

"Nikizikwa kutu itanihusu nini?"

Watu wawili watatu wakaanza kukusanyika, maana hapa kwetu mzee akibishana na mchuuzi ni sinema ya bure. Nikakikunjua kile cha makomando. Kizito, kimechorwa fuvu la mtu kwenye mpini. Nikapitisha ukucha kwenye makali, ukateleza kama kwenye kigae. Nikakitia ncha kwenye kipande cha mti, nikasukuma kidogo kwa dole gumba, kama ninavyosukuma nikichonga. Kikarudi. Kikajikunja chenyewe kikanikata kidole cha shahada mpaka damu ikadondokea miwani yake.

"Mzee, umekikosea! Hicho hakibonyezwi!"

"Sasa ni cha nini?"

"Cha..." Akafikiri. Wallahi alifikiri, nilimwona. "Cha kuwa nacho."

Mwanamume mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Mzee kaja kutahiriwa mara ya pili!" Pakalipuka kicheko. Nikawatukana wote, na mama zao nikawatia, Mungu anisamehe, nikaondoka na kidole nimekifunga kwa leso. Cha kuwa nacho! Ndiyo dunia yetu ya sasa. Jembe la kuwa nalo, panga la kuwa nalo, viongozi wa kuwa nao. Ukibonyeza kidogo vinakukata wewe.

Nyumbani mke wangu akakitazama kidole. "Umekwenda kununua kisu," akasema polepole, "umerudi umekatwa, na kisu huna."

Kijana wetu akasikia. Yeye anafanya kazi Changamwe, kwenye yadi ya makontena, na ana moyo, ila moyo wake unapitia dukani kwanza. Jumamosi akaniletea kiboksi kimefungwa karatasi ya zawadi. Ndani kitu chekundu, kinene kama sabuni. Akakifungua kimoja kimoja, anafurahi kuliko mimi.

"Tazama baba. Bisibisi. Kifungua chupa. Mkasi. Msumeno. Hii ya kutolea miiba. Hata tochi."

"Na kisu?"

"Kisu hiki hapa." Kilikuwa chembamba, kimejificha katikati kama mgeni asiyealikwa. Nikakijaribu kwenye ukuni. Kikatikisika kwenye maungo yake kama jino bovu.

"Mwanangu, kina kila kitu ila kisu."

"Kina na kijiko, baba! Kijiko na uma, tazama."

Mke wangu alikuwa amelala pale barazani, tunadhani amesinzia. Akasema, "Na kitanda?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ungo uanguke, na mimi badala ya kufurahi nikazidi kukasirika, kwa sababu kijana alinuna na nilijua amenunua kwa upendo.

"Baba wewe hushukuru kitu."

"Nashukuru. Kampe bosi wako."

"Haya! Kuna mfua visu nyuma ya yadi yetu, mtu wa bara, mdomo wake kama wako. Nenda kwake mkavurugane wawili, sisi tupumzike." Akaingia ndani akabamiza mlango.

Ningekwenda kesho yake. Lakini kesho yake kulitokea jambo, nalo ndilo lililoniongoza baadaye.

Mchana tulikuwa tunakula sima na mboga ya mchunga. Tumezoea kumwekea mke wangu sahani yake tukajifanya hatumwoni. Akafanya ukaidi. Akachukua tonge kwa wa kushoto, akalipachika ndani ya ngumi ya kulia, akajaribu kuliinua. Mkono ukapanda mpaka kifuani ukagoma. Akajaribu tena. Tukaangalia sahani zetu. Mwisho akachoka, akasinzia na tonge lake mkononi, vidole vimelifumba.

Alipoamka nilimfungua vidole, kimoja baada ya kingine, kumsafisha. Lile tonge likatoka zima. Limepoa, limekauka juu, na limekamata kila kitu: mifereji ya vidole vinne, shimo la dole gumba, mpaka mstari wa pete. Nililigeuza nikaligeuza. Kumbe mimi nilikuwa nachonga mpini wa mkono wangu mimi, mkono ulio wazi! Ngumi ile haikuwa na nafasi ya fimbo. Ilikuwa na nafasi ya kitu hiki hapa, kifupi, kimejipinda kama tangawizi.

Nikaliweka juani likauke. Sasa, Mombasa huwezi kuweka kitu juani, kuna kunguru. Kunguru wetu hawa si ndege, ni majambazi, wanajua mpaka siku ya mtu kuanika omena. Nikakaa na fimbo nikililinda tonge la sima adhuhuri mpaka jioni. Jirani akapita na ndoo.

"Mzee, unachunga nini?"

"Mkono wa mke wangu."

Akaharakisha.

Asubuhi yake nikalifunga kwenye leso, nikavuka, nikaenda Changamwe. Yule mfua visu ana kibanda cha mabati nyuma ya yadi, anavukuta makaa, mtu mnene mwenye kofia ya sufu jua kali lile. Nikamsalimu. Akaitikia bila kugeuka.

"Nataka kisu cha kukunja. Cha kuchongea."

"Mimi nafua mapanga na majembe. Kukunja ni kazi ya Wachina."

"Wachina wamenikata."

Akageuka. Nikamwonyesha kidole. Akaguna. Nikafungua leso nikaweka tonge juu ya fuawe lake, kile chuma anapogongea.

"Hii ni nini?"

"Sima."

"Mzee, umetoka wapi na sima kuniletea hapa?"

"Likoni. Nataka kisu kitakachochonga mti uwe kama hii. Tazama mifereji. Ncha iingie hapa, na hapa. Mgongo mnene. Na kisirudi."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Mke wangu ndiye mgonjwa. Hiyo ni ngumi yake."

Akaacha kuvukuta. Akaliinua tonge akalitia mkononi mwake, vidole vyake vikubwa havikuingia, akalirudisha kwa adabu. Hakusema pole. Watu wa pole nimewachoka, kwa hiyo nikampenda kidogo. Akaenda nyuma akarudi na kipande cha msumeno wa mashine, ule wa kukatia chuma.

"Hiki kitashika kutu."

"Ndicho ninachotaka."

"Utalia nacho kila wiki kwenye jiwe."

"Nalia hata sasa."

Tukagombana habari ya urefu. Yeye anataka kirefu, mimi nataka kifupi. Tukagombana habari ya mpini, akitaka kuupiga misumari ya shaba urembo. Nikamwambia urembo ampelekee mkewe. Akaniambia mkewe yuko Kitui na ana urembo wa kutosha. Ya kutorudi ndiyo iliyomtesa. Mwisho akafunga pete ya chuma shingoni mwa mpini, unaizungusha, inaziba njia ya ubapa, kisu hakirudi hata ukikipanda. Alikigonga juu ya kipande cha mkwaju mara nyingi kwa hasira, kama anayetafuta kosa. Hakulipata.

Kisha, na hili hakuambiwa na mtu, hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya fuawe, akageukia makaa yake. Nikakiokota. Nilikumbuka baba yangu, na sina la kuongeza.

Kurudi, sikupitia feri. Feri kuna ukaguzi, siku hizi wameleta mashine, na mimi nilikuwa nimeapa hakuna mtu mwenye sare atakayegusa kisu kile. Nikapanda gari la kuzungukia Dongo Kundu. Barabara ni nzuri lakini ni mzunguko wa kijinga kwa mtu anayeishi ng'ambo tu ya maji. Njia nzima nilikaa na mkono mfukoni, na nilipofika magoti yamekufa ganzi na nimekasirika upya.

Nilichonga mti wa mdimu, kwa kuwa hauna harufu na hauna nyuzi za kuchoma mkono. Tonge la sima nililiweka mbele yangu kwenye kigae. Kisu kilikwenda. Sijui nikuelezeje kisu kinavyokwenda. Mti unakuwa unakubali. Ncha iliingia kwenye mifereji, ikageuka bila kunyofoa. Kila baada ya muda namwendea mke wangu, namfungua vidole, namtilia.

"Hapa?"

"Panauma."

Narudi, napunguza.

"Sasa?"

"Kunalegea. Umeula mti sana."

"Nimekula wapi, mwanamke? Nimepunguza ulipotaka!"

"Nilitaka kidogo. Wewe kisu kipya kimekulevya."

Nikatupa kile, nikachukua tawi jingine, nikaanza upya. Mkaza mwanangu akasema tunapiga kelele kama waliooana jana. Cha pili kiliingia. Vidole vyake vikakifumba vyenyewe, kama vilivyolifumba tonge. Nikatoboa tundu kwa msumari wa moto, nikapachika kijiko cha kawaida cha chuma, nikakipinda shingo kielekee ndani, maana kiwiko chake kinapanda lakini kifundo hakigeuki.

Siku hiyo mkaza mwanangu alipika wali na mbaazi za nazi. Mke wangu aliteka, akainua. Mkono ukafika kifuani, pale ulipozoea kugoma, ukatetemeka. Nikakunja ngumi zangu chini ya meza. Kijiko kikamgonga shavuni, mbaazi zikaingia shingoni. Mkaza mwanangu akainuka kumfuta.

"Kaa," mke wangu akamwambia.

Akateka tena. Safari hii alishusha kichwa kukipokea kijiko nusu njia, na kikaingia mdomoni. Akatafuna taratibu, akiwa ametutazama sote, hakugeukia ukuta.

"Mbaazi," akasema, "hazina chumvi."

Kijana wetu akatoka nje ghafla, akasema anapokea simu. Haikulia simu yoyote.

Sasa ngumi ile haikai vilevile. Kwa yale mazoezi vidole vinafunguka, wiki hii kimoja, wiki ijayo kingine, na mpini lazima ufuate. Kila anapokula ananiambia panabana hapa, pamepwaya pale, nami lazima nipunguze palepale, kabla chakula hakijapoa na hajakasirika. Ndiyo maana kisu hakitoki mfukoni mwangu. Wanaoniuliza mzee mzima anatembea na kisu cha nini, wamkabili yeye.

Kliniki bado tunakwenda, na lango ni lilelile. Mara ya kwanza kurudi, nilikuwa nimekwisha kupanga vita: tulizunguka tena na Dongo Kundu, wa feri wasikione kisu. Mbele ya lango, ng'ambo ya barabara, kuna muuza madafu. Ana panga limesimama kama mlingoti, anakata mchana kutwa mbele ya macho ya askari, haulizwi. Nikamwachia kisu changu. Nilikiweka juu ya gunia, akakiokota.

Askari alikuwa yuleyule, wa beseni. Akanipapasa, kirungu kimya. Akaona nimekunja uso. "Leo huna silaha, mzee?" Nikamwambia ninayo, iko mdomoni, anataka kuikagua? Akampapasa mke wangu. Kirungu kikalia. Akatia mkono kwenye mkoba wake akatoa kijiko.

Nilikuwa naliangalia lile beseni la kijani. Wallahi kama angekitupa mle, leo ningekuwa naandika haya kutoka jela ya Shimo la Tewa.

"Hii ni nini?"

"Lete," akasema mke wangu.

Askari akamnyooshea. Kirungu kilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo kijiko akampa kwa wa kushoto. Mke wangu hakukipokea. Alikitazama kile kijiko, akautazama ule mkono.

"Mwanangu," akamwambia polepole, kila neno likitoka limepinda, "mama yako alikufundisha kumpa mtu mzima kitu kwa mkono gani?"

Nyuma yetu foleni ilikuwa imesimama. Askari akakibwaga kirungu mezani. Akahamisha kijiko mkono wa kulia, akainama kidogo, hata goti likapinda. "Samahani, mama."

Mke wangu akanyoosha ngumi yake ya kulia. Ilikwenda kwa shida, ikitetemeka, na yule kijana alilazimika kungoja. Akakipachika kijiko ndani yake, vidole vikakifumba. Tukaingia hivyo, yeye amekishika mbele kama rungu.

Mimi sikumsamehe. Nataka ieleweke.

Tulipotoka nilikwenda kuchukua kisu changu. Muuza madafu alikuwa amekitumia kukatia muwa, ubapa mzima unanata sukari, na sisimizi wameshaanza. Nilimgombeza mpaka mke wangu akanivuta shati. "Twende," akasema. "Nina njaa, na mpini umebana kwenye gumba."